Pikipiki ya kwanza: kimo changu sentimita 157, nichukue 600 ya shemeji au nianze na ndogo?

NuruYaAlfajiri:

Habari zenu wakuu. Humu nimekuwa msomaji tu kwa miezi kadhaa. Leo naomba niulize, maana shemeji yangu anataka jibu kabla ya wiki kuisha.

Nina miaka 34, kimo sentimita 157, uzito kilo 54. Gari naendesha tangu nikiwa na miaka 22 na baiskeli tangu utotoni, lakini pikipiki nimepakiwa tu, sijawahi kuishika usukani. Kazini ni kilomita 19 kwenda. Tisa za kwanza ni za mtaani, foleni na matuta. Kumi zinazobaki ni barabara kuu, magari yanakwenda 80 na kuzidi. Sina mpango wa safari ndefu wala wa kumpakia mtu.

Shemeji ana Yamaha R6, ya mbio, ya cc 600 (cc ni ukubwa wa injini). Aliinunua miaka mitano iliyopita, haitembei sana, na kwa kuwa anahama ananiachia kwa masharti ambayo mtu wa nje hawezi kuyapata. Anasema, "Wewe si mtoto. Resi iko mkononi mwako, usipoivuta haikimbii." Mume wangu anasema nichukue ndogo ya kawaida ya cc 125, nizoee. Mimi mwenyewe niliipenda Honda Rebel siku niliyoiona imeegeshwa, kwa sababu ilikuwa fupi na ilionekana kama inanikaribisha, ila sijui kama kupenda umbo ni sababu ya kutosha.

Jumamosi niliikalia R6. Nilipoinyanyua kutoka kwenye stendi ya pembeni, niligusa chini kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, na hapo shemeji alikuwa ameishikilia kwa nyuma. Hilo ni jambo la kuzoea, au ni dalili? Na ni kweli kwamba nikianza na ndogo nitaichoka baada ya miezi mitatu?

Klachi_Taratibu:

Karibu sana dada. Huu ni mwaka wa 11 nafundisha watu kuendesha pikipiki, na wengi niliowafundisha walianza wakiwa watu wazima kama wewe. Naanza na zile ncha za vidole. Ni dalili.

Mtu anayechagua pikipiki ya kwanza huiona kichwani ikiwa inakimbia. Anauliza inafika ngapi, inavuta vipi, inalia vipi. Mimi nakuomba uione ikiwa imesimama. Ikiwa kwenye 60, karibu kila pikipiki inajishika yenyewe. Mzunguko wa magurudumu na ule mlalo wa shokabu za mbele vinaiweka wima, wewe unaielekeza tu. Ikishuka chini ya mwendo wa mtu anayetembea, msaada huo unakwisha na kilo zote zinakuwa zako. Na mwanafunzi maisha yake yote yako huko chini: kuondoka, kusimama, kugeuza kwenye nafasi finyu, kujipenyeza kwenye foleni, kurudisha nyuma kwa miguu. Kilomita zako tisa za mtaani zote ni hizo.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ndefu, ya njia za vumbi. Niliipenda kwa ule urefu wake, na aliyeniuzia aliniambia maneno yaleyale, kwamba nitazoea. Siku ya tisa nikafika kwenye makutano yenye mteremko mdogo kuelekea kushoto. Nikasimama vizuri, breki zote mbili, nikashusha mguu wa kushoto, na mguu haukukuta kitu. Ukingo wa lami ulikuwa umelika, shimo la sentimita tano, labda sita. Mtu mwenye unyayo mzima chini asingelihisi hata kidogo. Mimi nilikuwa na ncha ya kiatu tu, kwa hiyo pikipiki ikainama kidogo kuutafuta mguu, na ikishainama kidogo huwezi kuirudisha. Inazidi kuwa nzito kadiri inavyolala. Ilinilalia kifundoni. Nyuma yangu kulikuwa na lori, likasimama mita chache tu kutoka kichwani kwangu. Dereva akashuka, akaninyanyulia mashine, akanikalisha pembeni.

Kifundo kilipona kwa wiki sita. Hofu ilichukua zaidi. Kona sikuziogopa, mwendo sikuuogopa. Niliogopa kusimama. Nilikuwa naiona taa nyekundu mbele nikaanza kutokwa jasho. Mtu anayeogopa kusimama anaanza kupita mahali ambapo hapaswi kupita, ndiyo maana jambo hili silichukulii kirahisi kwa mwanafunzi yeyote.

Sasa R6 yenyewe. Kiti kiko milimita 850 kutoka chini, uzito ikiwa na mafuta ni karibu kilo 190, injini ni 599 cc ya silinda nne, na nguvu zake, karibu farasi 118 kwa matoleo ya mwisho, ziko juu kabisa, injini ikizunguka zaidi ya mara 14,000 kwa dakika. Ni mashine iliyotengenezwa kwa uwanja wa mashindano ikawekewa taa. Kwenye sheria za Ulaya, mwenye leseni ya A2, ile ya daraja la kati, hazidi kilowati 35, na haruhusiwi hata kuipunguza nguvu pikipiki ambayo asili yake ilizidi mara mbili ya hapo. R6 ya karibuni ina kilowati 87, ndizo zile farasi 118. Walioandika sheria hiyo walijua kwamba hata ukiibana, mwili wake unabaki uleule.

Shemeji yako hakudanganyi, resi iko mkononi. Ila mkono wa mtu aliyeshtuka haumsikilizi. Nimeliona hili mara nyingi mno. Mwanafunzi anaachia klachi ghafla kidogo, pikipiki inaruka mbele, mwili unabaki nyuma. Mikono inanyooka, kiganja kinazunguka pamoja nayo, resi inaongezeka. Inaporuka zaidi anazidi kushikilia. Kwenye 125 yenye farasi kumi hivi, hiyo ni mita tatu za aibu na injini inazima. Kwenye 600 ya silinda nne ni ukuta wa upande wa pili.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hawalisemi. Usukani wa pikipiki za namna ile uko chini na hauzunguki sana. Unaegemea viganja, na ukitaka kugeuza kwenye njia nyembamba unakuta tangi linakuzuia. Kwa hiyo ugumu unaongezeka palepale ambapo mgeni hana ujuzi.

Fanya hivi kabla ya kumjibu. Nenda mahali penye pikipiki kadhaa, uvae viatu utakavyovaa kazini. Usiulize cc. Ikalie, itoe kwenye stendi peke yako, mtu asiishike ila asimame karibu. Unataka nusu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse chini kwa pamoja, ukiwa umekaa katikati ya kiti. Usidanganywe na milimita zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu kiti kipana kinapanua mapaja na kula urefu wa mguu, na uzito wako wa kilo 54 hautaishusha shokabu kama utakavyoishusha wa mtu wa kilo 80. Kisha shuka, simama kushoto kwake, isukume mbele, irudishe nyuma mita tatu, igeuze usukani mpaka mwisho pande zote. Halafu ikalie tena na uirudishe nyuma kwa miguu. Ukimaliza unahema kama uliyepanda ngazi, hiyo siyo ya kwako mwaka huu.

Na kupenda umbo ni sababu. Pikipiki usiyoipenda hutaitoa nje Jumapili asubuhi kufanya mazoezi, na mazoezi hayo ndiyo yatakayokufundisha.

KonaKali:

Nakubaliana na mwalimu kuhusu R6, hapo sina la kuongeza. Ninapotofautiana na wengi ni hii "anza na 125" kama dawa ya kila mtu. Dada ametaja kilomita kumi za barabara kuu. 125 ya kawaida inafika 90 na kitu, upepo ukiwa mbele inashuka. Ukiwa kwenye 80 tayari unatumia karibu kila ilicho nacho. Basi likikukaribia nyuma huna cha kuongeza ili uondoke mbele yake, na ukitaka kulipita lori utakaa ubavuni mwake muda mrefu kuliko unavyotaka. Niliendesha 125 mwaka mzima kwenye barabara ya namna hiyo, na nilichojifunza ni kutazama kioo cha nyuma kuliko mbele. Si tabia nzuri.

Japani pikipiki za 125 cc kushuka chini haziruhusiwi kabisa kwenye barabara za mwendo kasi. Kwako inaruhusiwa labda, ila swali la akiba ya nguvu linabaki.

Ningesema 250 mpaka 400. Kawasaki Ninja 400 ina kilo 168 na kiti cha milimita 785, Rebel 300 ina kiti cha 690 tu na ni ya silinda moja, tulivu. Zinakimbia vya kutosha na hazikurushi. Na hapo swali la kuichoka baada ya miezi mitatu linajifuta.

Kitu kingine, tafuta yenye ABS, mfumo wa breki unaozuia gurudumu kujifunga. Mgeni akishtuka hubana breki yote kwa mara moja, gurudumu la mbele likijifunga ameanguka kabla hajajua. Ulaya imelazimisha ABS kwa pikipiki mpya zote zinazozidi 125 cc, wakati 125 wanaruhusiwa kuweka mfumo wa kuunganisha breki ya mbele na ya nyuma badala yake. Mfumo huo unasaidia, lakini hauzuii gurudumu kujifunga.

FundiSpana:

Mimi si mwalimu, niko gereji. Nimesoma neno moja kwenye swali lako likanishtua: "haitembei sana". Wauzaji hulitaja kama sifa. Pikipiki iliyokaa inaharibika kimyakimya. Mafuta yaliyolala kwenye tangi yanaziba njia za mafuta, maji ya breki yananyonya unyevu wa hewani na kupoteza nguvu, betri inakufa, tairi linakuwa gumu kama kwato hata kama meno yake yote yapo.

Tairi lisome. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mwezi uliopita nililetewa mashine inayong'aa, mnunuzi amefurahi, nikasoma 1411. Tairi la mwaka 2011, na kijana alikuwa ameiendesha kwenye mvua mpaka gereji.

Ukienda kuona iliyotumika, yoyote ile, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono karibu na injini. Ukikuta ya moto, jiulize alikuwa anaificha nini, maana kasoro nyingi za kuwaka hujionyesha injini ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Tazama vyuma vinavyong'aa vya shokabu za mbele, pete ya oili pale ina maana sili zimekwisha. Inyanyue gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Ukihisi unakwama kidogo katikati, beringi za shingo zimelika, na pikipiki ya hivyo itakuwa inatangatanga barabarani. Cheni ivute kwa nyuma kutoka kwenye sproketi, lile gurudumu la meno. Ikiachia mpaka unaona nusu ya jino, imekwisha. Halafu angalia ncha za usukani na ncha za mikono ya klachi na breki. Zikiwa zimekwaruzwa, ilishaanguka. Kuanguka siyo mwisho wa dunia, ila kama muuzaji anakuapia haijawahi kuanguka, umeshajua ni mtu wa namna gani.

Linganisha namba ya chesesi na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Hapo usione aibu kuchukua muda.

NuruYaAlfajiri:

Asanteni sana, nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Naomba niwape mrejesho.

Leo nimekwenda na mume wangu, nimevaa viatu vya kazini. Nimeanza na Honda CB125F. Kiti kiko juu kidogo kuliko nilivyofikiri, nusu ya nyayo zote mbili imegusa, lakini ni nyepesi, haifiki kilo 120. Niliirudisha nyuma kama baiskeli. Kisha nikakalia Rebel 500. Jamani, nyayo nzima chini, magoti yamekunja. Nilikuwa tayari kusema ndiyo palepale. Halafu nikakumbuka kushuka. Sakafu ilikuwa na mteremko mdogo sana, nikaisukuma mbele vizuri, kurudisha nyuma ikagoma. Kilo 190. Mume wangu alinyoosha mkono nikamwambia aache, nikajaribu mara tatu, ya tatu ikasogea na mimi nikahema hasa kama mwalimu alivyosema. Kwa hiyo kiti kifupi peke yake hakitoshi, hilo sikulijua.

Ya mwisho ilikuwa Rebel 300. Umbo lilelile, kiti kilekile, ila ile sehemu iliyonigomea na 500, hii nimeipita bila mtu. Nilikaa juu yake kama dakika kumi nikigeuza usukani huku na huku. Nimeichagua hiyo.

Shemeji nimemwambia asante, sichukui. Alinyamaza kidogo kisha akanieleza kwamba mwaka wa kwanza iliwahi kumwangukia mbele ya nyumba yake, na hakuwahi kumwambia mtu.

Masomo naanza Jumatatu, kabla ya pikipiki kufika. Nina maswali mawili tu. Kofia ninunue ya aina gani, na ile barabara kuu niiingie lini?

Klachi_Taratibu:

Umefanya vizuri kuliko wengi wanaonunua ya tatu.

Kofia inunue kwa fedha uliyoitenga kabla ya kulipia pikipiki, isiwe chenji iliyobaki. Iwe ya kufunika uso mzima mpaka kidevuni, iwe na alama ya kiwango kinachotambulika, ECE 22.06 ndiyo ya sasa ya Ulaya. Ukiivaa ikubane mashavu mpaka ukitafuna uyang'ate kidogo kwa ndani. Funga mkanda, shika kofia kwa mikono miwili uizungushe: ngozi ya uso ifuatane nayo. Kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, ni kubwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ulikuta kofia inapunguza vifo kwa waliopata ajali kwa karibu 42% na majeraha ya kichwa kwa karibu 69%, lakini hiyo ni kofia iliyokaa kichwani. Usinunue iliyotumika, hujui iligonga wapi. Glovu pia usiziache. Mtu akianguka hutanguliza viganja, na bila viganja huwezi hata kujifunga kifungo.

Barabara kuu usiiweke kwenye kalenda. Iweke kwenye mambo haya: unaweza kwenda mwendo wa mtembea kwa miguu mita 20 bila kushusha mguu, klachi ikiwa imeshika nusu na breki ya nyuma imeguswa kidogo, unaweza kugeuka duara kamili kulia na kushoto ukitazama unakotaka kwenda na siyo tairi lako, na unaweza kusimama kwa nguvu kutoka 50 bila kupotoka. Hilo la mwisho lirudie mpaka ukinai. Breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa kwa sababu uzito wote unahamia mbele, ila ibane kama unavyokamua sifongo, siyo kama unavyofunga mlango. Na ukumbuke ukitoka 40 ukaenda 80, umbali wa kufunga breki hauwi mara mbili, unakuwa mara nne.

Hayo yakikaa mwilini, nenda barabara kuu Jumapili alfajiri, kituo kimoja kuingia na kutoka. Wiki inayofuata viwili. Mpaka hapo, kazini nenda na gari.

Pikipiki ikifika, kabla ya kuiwasha mwombe fundi alegeze kidogo kifungio cha mkono wa klachi na wa breki pale kwenye usukani, uzunguke ukiusukuma kwa nguvu lakini usicheze wenyewe. Ikikuangukia, mkono huo wa klachi au breki utazunguka badala ya kukatika, nawe utarudi nyumbani ukiiendesha. Mimi siku yangu ya tisa uliniachia kipande mkononi.